Mshale

Shinasi tulijaza tangi hadi shingoni.
Kijana wa pampu akautikisa mpira
tone la mwisho lisipotee chini,
nami nikahesabu riyali
kama mtu anayehesabu meno yake.
"Yamepanda tena?"
"Yamepanda, mama."
"Na mshahara wako?"
Nikafunga kifuniko.

Nyuma tumepakia nyumba nzima:
mbaazi kavu, unga wa muhogo, mafuta ya karafuu,
kitanda cha mtoto kilichofunguliwa vipande vipande,
skurubu zake ndani ya soksi ya marehemu baba.
Raya kajifungua huko juu,
juu hasa, ramani inakochoka,
na Bi Zamzam hajamwona mjukuu
ila kwenye simu, akigandaganda.

Kwenda Oman ilibidi tutoke Oman.
Mhuri. Mhuri. Bima ya barabara za watu.
Mhuri mwingine, tukarudi kwetu
upande wa pili wa jabali,
kama uzi uliochomoka kitambaani ukaingia tena.
Kila kituo cha mafuta mama alisoma bei kwa sauti
kama mwalimu asomaye majina ya waliofeli.

Tulipopita Bukha, bahari ikawa kushoto.
Meli za mafuta zimejipanga hadi macho yanapokoma,
matumbo yamezama,
zinangoja zamu ya kupenya Hormuzi.
Mama akateremsha kioo.
"Yote hayo?"
"Yote."
"Yanakwenda wapi?"
"Kwa wenye nayo."
Akacheka kwa puani, kile kicheko chake cha Wete,
cha foleni ya mafuta ya taa,
dumu mkononi, na wa mbele yako anaambiwa yamekwisha.

Khasab nilikipita kituo bila kusimama.
Nusu tangi, nikasema, inatosha.
Ubahili nao una kiburi chake.

Njia ya vumbi ikapanda kama ngazi ya mnara.
Gia ya kwanza, ya pili, ya kwanza.
Nikazima kiyoyozi;
mama akajipepea kwa pasipoti.
Mbuzi walitutazama kutoka mahali
ambapo hata mbuzi hakustahili kufika.
Mshale ukainama.
Mshale ukalala.
Taa ya njano ikawaka, jicho la paka asiyelishwa.

Ubaidi alikuwa amekaa kwenye ukuta wa mawe,
kishoka chake begani, ndala miguuni,
petroli kaipanga ndani ya chupa za maji,
rangi ya chai iliyokosa majani.
Akataja bei.
Nikapandisha sauti: wizi huu!
nchi imeelea juu ya mafuta!
Hakukasirika. Kwa mpini wa kishoka
akanionyesha tulikotoka:
"Basi kayachukue huko chini."
Kisha, kama anayejisemea,
"Nami huyafuata kwa gari.
Linakunywa kwenda, linakunywa kurudi.
Haya ndiyo liliyobakisha."

Nikapapasa mfuko. Nikapapasa mwingine.
Mama akafungua mkoba, akatoa bahasha
yenye jina la mtoto kwa wino wa kijani,
akaichana pembeni taratibu,
mtu afunguavyo barua isiyo yake.
Chupa tatu.
Akaishika ya kwanza mwenyewe, mdomo kwa mdomo wa tangi,
na upepo ukammwagia kidogo kiganjani.

Tulifika jua limeshaangukia nyuma ya Jabali Harim.
Gari likapoa uani, tik, tik, tik.
Mama hakumgusa mtoto.
Alinawa kwa sabuni, akanawa kwa majivu,
akajipaka karafuu hadi viwiko,
akanusa, akarudi bombani.
Raya mlangoni: "Mama, njoo basi!"
Ndipo akampokea, akampa na bahasha iliyochanika.
"Nusu yake," akamwambia, "kainywa gari la mjomba wako."

Mtoto akakunja uso, akapiga chafya mbili.

"Ehee," mama akasema.
"Huyu kashaijua bei."